Jumamosi za Mwalimu Kisilu

Kuanzia mwaka wa tisini na mbili Mwalimu Kisilu hakuwa na Jumamosi. Nyinyi mlio na Jumamosi zenu, mnafua nguo, mnaenda soko la Tala, mnalala hadi jua liwachome usoni, hamjui bahati mliyo nayo. Jumatatu hadi Ijumaa Kisilu alikuwa wa serikali, akifundisha hesabu katika shule ya msingi karibu na Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapokutana na ile ya Mombasa. Jumapili alikuwa wa Mungu, akiongoza kwaya ya parokia. Jumamosi ndiyo ingekuwa yake mwenyewe, na Jumamosi ndiyo siku watu wetu huzika.

Nitawaambia alivyonasa, maana hakunasa siku moja.

Alizaliwa vilima vya Mua, mtoto wa mama aliyeuza plamu kando ya barabara. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu alitumwa misheni kupeleka maji, na huko akamkuta Padri Henry ameketi nje ya nyumba ya mapadri, kidevu kimelalia kitu cha mbao, anakisugua kwa upinde. Padri Henry alikuwa Mwairishi mrefu, mwembamba, mwenye Kikamba cha kuchekesha hata mbuzi. Kisilu akatua mtungi chini. Maji alipaswa kuyafikisha jikoni, nayo hayakufika, mpishi akamfuata na mwiko.

"Mwache," padri akasema. "Huyu amesimama vizuri."

Basi akafundishwa fidla. Miaka mingi, jioni baada ya jioni, hadi alipoenda chuo cha ualimu na hata aliporudi. Alijifunza kusoma noti za kizungu zenye vichwa na mikia, na akajifunza kuongoza kwaya kwa mkono mmoja bila kurusharusha mabega kama anayefukuza nyuki. Alikuwa hodari, sitawaficha. Lakini siku moja alipomaliza kupiga kipande kigumu, akangoja sifa, Padri Henry akamwambia jambo ambalo lilimkaa kifuani maisha yake yote.

"Wewe bado hujui fidla, Kisilu. Unajua yako tu. Siku utakayokaa katikati ya fidla ishirini ndipo utajua."

"Inakuwaje, Padri?"

"Haielezeki. Ukikaa, utasikia."

Ndilo jambo alilolitaka. Si pesa, si jina, si kwenda Ulaya. Alitaka kukaa katikati ya fidla ishirini mara moja tu asikie. Mnaliona dogo? Basi ngojeni.

Mwaka wa tisini Padri Henry akaitwa kwao. Parokia ikamfanyia karamu ya kumuaga, mbuzi wanne, pilau, vikapu vya akina mama hadi akakosa pa kuviweka. Naye, alipopewa nafasi ya kusema, akainua kasha la fidla mbele ya umati mzima.

"Ninawaachia hii," akasema. "Kisilu aipige."

Watu wakapiga makofi hadi vumbi likapanda. Na hapo ndipo padri, pamoja na Kikamba chake chote, alipokosea kosa la mgeni. Angeenda nyumbani kwa Kisilu jioni, akaketi, akanywa chai, akamkabidhi mkononi mbele ya mkewe, fidla ingekuwa ya Kisilu hadi kiama. Lakini kwetu kitu kikitolewa uwanjani pa kanisa, mbele ya watu, kinakuwa cha watu. Kabla sufuria hazijaoshwa, mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, Mzee Nzuki, alikuwa ameshachukua kasha na kulifungia kabatini sakristia, pamoja na vinara na kanzu za Pasaka.

Mzee Nzuki alikuwa na duka la mbao na simenti mjini Machakos. Mtu wa maneno machache na funguo nyingi. Kisilu alipomfuata, akamjibu kwa upole kabisa.

"Mwalimu, ni yako kupiga. Si yako kubeba."

Basi ikawa Jumapili asubuhi Nzuki anafungua, misa ikiisha anafunga. Kisilu akasema moyoni, si neno, nitanunua yangu. Mshahara wa mwalimu wa msingi, mke, mtoto mdogo, mama wa kutunzwa. Haya, nunua basi.

Halafu mwaka wa tisini na mbili Wambua, kijana pekee wa Mzee Nzuki, akafa kwa ajali ya lori la mbao za baba yake. Nzuki hakulia. Siku nzima ya matanga alizunguka akiuliza kama viti vinatosha, kama maji yapo, macho makavu, hadi watu wakaanza kumwogopa. Siku ya kuzika, Jumamosi, alimwendea Kisilu akamtia funguo mkononi. Kisilu akaichukua fidla akapiga pale kaburini wimbo mmoja wa polepole, peke yake, kwaya imenyamaza. Alipofika katikati Nzuki akapiga magoti kwenye udongo uliochimbwa, akalia kwa sauti kubwa. Wanawake wakamshika. Wanaume wazima waligeuka wakaangalia migomba.

Jamani, ni nani aliyesikia asitake kuzikwa hivyo? Mwezi uliofuata familia moja ikaomba fidla. Halafu nyingine. Ikafika mahali mtu akizikwa bila fidla majirani wanaulizana kama alikosana na kanisa. Wazee walio hai waliagiza mapema: "Mimi mnizike na fidla, hata kama ni mvua." Na fidla haikwenda peke yake, ilikwenda na Kisilu, na Kisilu alikwenda na kwaya yake ya watu arobaini. Kila Jumamosi saa mbili lori likapiga honi kwake.

Mkewe, Kalunde, fundi cherehani mwenye ulimi usio na breki, alikuwa akimwambia, "Wewe ulioa kwaya. Mimi ni mke wa pili, na wa tatu ni maiti."

"Si nitawaambia mwezi huu ni wa mwisho."

"Waambie. Nitakuja niketi mbele nisikie ukiwaambia."

Hakuwaambia. Utamwambiaje mjane? Kila mara aliyekufa alikuwa ni mtu anayemjua, mama wa mwanafunzi wake, jirani, yule katekista aliyemfundisha sala. Alikasirika njiani kwenda, na akifika akiwaona wenye msiba, hasira inamwishia, anapiga. Akirudi anakasirika upya. Alijiona mjinga, nami sikatai, kuna ujinga wa namna hiyo unaoshika watu wema.

Mwaka wa tisini na sita okestra moja ya Nairobi ikatangaza gazetini kwamba inatafuta wapiga fidla. Majaribio ni Jumamosi, saa nane mchana, na mazoezi ni kila Jumamosi saa hiyo hiyo. Kisilu alisoma tangazo mara tatu akiwa darasani, wanafunzi wakapata bahati ya kucheza. Akamwendea Mzee Nzuki dukani.

"Jumamosi moja tu, Mzee. Nipe fidla niende nijaribu."

Nzuki akaacha kupima mbao. "Ukienda moja, utaenda na ile ingine. Henry naye alisema atarudi kututembelea. Ulimwona tena?"

"Mimi nitarudi. Mke wangu ako hapa."

"Mwalimu," Nzuki akasema, na sauti ikawa nyembamba, "wewe ndiye ulinizikia Wambua. Ukienda, siku ya msiba nani ataninyamazishia nyumba yangu?"

Kisilu akatoka na tangazo lake mfukoni. Lakini safari hii alipiga moyo konde. Ijumaa alirudi kwa Nzuki akamdanganya kwamba nyuzi zimechakaa, anataka kwenda nazo nyumbani azibadilishe. Nzuki akampa kasha bila kuuliza, kwa sababu Kisilu hakuwa amewahi kumdanganya. Halafu akamwambia msaidizi wake wa kwaya, Nzomo, kwamba ana homa kali, Nzomo aongoze mazishi ya kesho. Uongo mara mbili kwa siku moja, kwa mtu ambaye alikuwa akiungama hata kwa kuchelewa misa.

Jumamosi saa tatu alikuwa amesimama Kyumbi, kando ya wauza mahindi, suti ya harusi yake, kasha mkononi, akingoja gari la Nairobi. Moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha. Magari mawili yakapita yamejaa. La tatu likawa linakuja, akainua mkono.

Kumbe nyuma yake, kutoka upande wa Machakos, linakuja lori. Na juu ya lori kwaya yake yote, majoho ya rangi ya zambarau, na jeneza katikati. Alikuwa amesahau kuuliza maiti anazikwa wapi. Anazikwa upande wa Konza, na njia ya Konza ni hapo hapo Kyumbi.

"Simama! Simama, dereva! Si huyo ni Mwalimu?"

Lori likafunga breki. Nzomo akaruka chini, macho yamemtoka. Akaangalia suti. Akaangalia kasha. Kisilu alikuwa amefungua mdomo, bado hajajua atatoa neno gani.

"Watu wa Mungu!" Nzomo akapiga kelele, amegeukia lorini. "Jana huyu mtu aliniambia ako na homa, hawezi kuamka! Na angalieni! Amejikokota mpaka barabarani kutungojea, na fidla yake!"

Aiya! Makofi yakalipuka juu ya lori. Akina mama wakapiga vigelegele, pembeni ya jeneza, jambo ambalo si desturi. Mama wa marehemu alikuwa amekaa mbele kwa dereva. Akashuka, akamshika Kisilu mikono yote miwili, machozi yanamtiririka, akasema, "Mungu akulipe, mwanangu."

Gari la Nairobi lilisimama. Manamba akauliza, "Mwalimu, unaenda?" Hakuna aliyemjibu. Likaondoka.

Wakamkalisha mbele, kwa kuwa ni mgonjwa, wakamfunika blanketi. Juani, njia ya Konza, saa nne asubuhi, amevaa suti na blanketi, jasho linamvuja, nao wakaona jasho wakasema, "Homa inatoka." Hakuthubutu kulivua. Saa nane kamili alikuwa kaburini anapiga wimbo ule ule wa polepole. Aliitazama saa yake upinde ukiwa hewani. Wenye macho makali walisema siku hiyo Mwalimu alilia kuliko wafiwa, na sifa zake zikavuma hadi Masinga.

Sasa ndipo alipofungwa kabisa. Kabla ya hapo alikuwa mtu asiyeweza kukataa. Baada ya hapo alikuwa mfano. Padri mpya alimtaja katika mahubiri.

Mwaka uliofuata alikuwa Tala sokoni na binti yake Ndanu, umri miaka tisa, kumtafutia viatu vya shule. Salah, aliyekuwa na kibanda cha mitumba pale, Msomali mcheshi aliyemjua Kisilu kwa sababu ya redio, wote wawili walipenda nyimbo zenye vyombo vingi, akamwita.

"Mwalimu, njoo uone! Kuna gitaa ya mtoto imekuja ndani ya nguo."

Haikuwa gitaa. Ilikuwa fidla, ndogo, nyuzi mbili zimekatika, imefungiwa ndani ya sweta. Kisilu aliishika. Akaiweka chini ya kidevu. Vidole vyake vikajaa kwenye uzi mmoja kama mtu mzima aliyekalia dawati la chekechea. Hata noti mbili zilizokaribiana hakuweza kuzitenganisha. Alijaribu tena, akajaribu tena, hadi Salah akaacha kucheka.

"Haikutoshi?"

"Hainitoshi."

Alikuwa karibu kuirudisha pale kwenye nguo. Ndanu akanyoosha mkono, akaichukua, akaiweka begani, kidevu juu, mgongo umenyooka. Hakuna aliyemfundisha, alikuwa amemtazama baba yake tu. Kisilu akamkumbuka mpishi na mwiko.

"Chukua, peleka," Salah akasema. "Nani mwingine atanunua? Mimi nauza masweta."

Akamfundisha. Jioni baada ya jioni, nyuma ya cherehani ya Kalunde, na Kalunde akilalamika kwamba mguu wake unashona kwa mapigo ya Ndanu. Mara moja moja mtoto alibeba fidla yake hadi sakristia, na kabla Nzuki hajafunga kabati, baba na binti wakapiga pamoja dakika chache. Ilikuwa tamu, lakini sauti mbili unazihesabu. Hii yangu, hii yako. Kisilu alitaka zile zisizohesabika. Alipofika miaka kumi na mitano Ndanu naye akazidi ile ndogo, ikabaki ile moja ya parokia kwa watu wawili, nusu saa kila Jumapili.

Miaka ikaenda. Watu walizidi kufa, hasa miaka hiyo, mnajua wenyewe, vijana kwa wazee, na Jumamosi nyingine wakazika wawili. Kisilu akaota mvi. Kwaya yake ikashinda mashindano ya dayosisi mara nne na vikombe vikafungiwa kabati lile lile.

Mwaka wa elfu mbili na sita, Ndanu ameshamaliza kidato cha nne, okestra ile ile ikatangaza tena. Nafasi mbili, umri wowote. Safari hii baba na binti waliandika wote, kutoka saiba moja ya intaneti mjini Machakos, na wote wawili wakaitwa. Jumamosi ya pili ya Julai, saa nane mchana. Fidla ni moja, lakini wangepokezana. Kisilu alikuwa na miaka arobaini na tano, na wiki ile aliimba akinyoa ndevu. Kalunde alimsikia akasimamisha cherehani.

Mazishi? Wangezika na kwaya tu. Alikuwa amekata shauri, hata alikuwa ameshamwambia Nzomo ukweli, bila homa.

Lakini Mzee Nzuki alikuwa kitandani. Sukari ilikuwa imemla miguu. Akamwita Kisilu nyumbani kwake, akatoa funguo moja chini ya mto.

"Shika. Sitaki mtu mwingine aishike kabla sijazikwa. Utanipigia ule wa Wambua."

"Mzee, utapona."

"Sijakuuliza hiyo. Utanipigia?"

Mke wa Nzuki, Mama Kamanthe, alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Kisilu akawatazama wote wawili.

"Nitakupigia."

Nzuki akafa Jumapili, siku sita kabla ya ile Jumamosi.

Kila jioni watu walikutana kwake kupanga mazishi. Jumatatu Kisilu alisimama akauliza kama haingewezekana kuzika Ijumaa. Watu wakamtazama kana kwamba ametukana.

"Ijumaa?" mmoja akauliza. "Na watu wa Nairobi watatoka kazi saa ngapi? Mzee kama huyu azikwe na wanawake na watoto?"

Akaketi. Ikaandikwa Jumamosi, misa saa nne, kaburini saa nane.

Usiku huo na mwingine hakula. Kalunde alikuwa mkali. "Enda! Enda wewe na mtoto, mbebe hiyo kitu. Mimi nitawaambia umekufa, wakuzike na wao wenyewe!"

"Nimemwahidi mtu aliye karibu na kifo."

"Na wewe uliahidiwa nini, miaka kumi na sita? Nani alikuuliza?"

Alikuwa na haki. Lakini Kisilu alijiona amesimama Nairobi anapiga, na huku Mama Kamanthe anatazama barabara. Hakuweza. Halafu akajiona kaburini anapiga, na Ndanu amekaa nyumbani, na miaka kumi mingine inaingia kwenye lori. Hilo nalo hakuweza. Alhamisi alifungua kabati kwa funguo ya marehemu, akatoa kasha, akaliweka mezani mbele ya binti yake.

"Utaenda peke yako."

"Na wewe, Baba? Na Mzee?"

"Kwaya siwezi kuiacha. Fidla inaweza kuniacha."

Ndanu akakataa. Wakabishana hadi mtoto akalia. Mwishoni baba akamwambia, kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia nyumbani, "Mimi nimeshindwa, unasikia? Nimeshindwa. Usinifanye nishindwe mara mbili." Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alimpandisha gari Kyumbi, kabla lori halijapita. Na akamwambia jambo moja la kukumbuka: "Ukikaa katikati, sikiliza. Utaniambia."

Lori lilipopiga honi alipanda mikono mitupu.

"Fidla iko wapi?" Nzomo akanong'ona.

"Imetangulia."

Programu ilikuwa imechapishwa kwa rangi, picha ya Mzee Nzuki ana tai, na ndani imeandikwa: Fidla, Mwalimu Kisilu. Pale kaburini msemaji akaliita jina lake. Watu walikuwa mamia, wametoka Kangundo, Mwala, Nairobi. Wakanyamaza wote, kwa sababu walikuwa wamekuja kwa hiyo. Kisilu akasogea mbele na hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Fidla imeenda Nairobi na mtoto wangu," akasema. "Anajaribiwa sasa hivi, saa hii. Mimi nilimwahidi Mzee, na nimevunja. Sina la kuongeza."

Minong'ono ikaenea. Mtu akasema, "Ati nini?" Kijana mmoja wa ukoo akasonya wazi. Hata kwaya yake ilitazama chini, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, watu arobaini aliowafundisha kutomwondolea macho.

Mama Kamanthe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amejifunga leso nyeusi.

"Basi umwimbie," akasema. "Na mdomo. Wimbo si uko kichwani?"

Akauimba. Hauna maneno ule wimbo. Akauimba kwa aa na oo, mtu mzima mwenye mvi, sauti ikikwama pale pa juu ambapo uzi hauwezi kukwama. Mama Kamanthe hakulia. Alipomaliza aliinamisha kichwa kidogo, watu wakaanza kutupa udongo. Ikiwa alimsamehe, hakuwahi kumwambia. Na kabla ya chakula Nzomo, aliyekuwa amechaguliwa mwenyekiti badala ya marehemu, alimjia bila kumtazama usoni.

"Mwalimu, ile funguo."

Kisilu akampa.

Ndanu alirudi jioni, jua bado lipo. Kalunde alimkimbilia hadi barabarani na utepe wa kupimia shingoni. Amechukuliwa! Wamempa nafasi, na watamwazima fidla ya okestra, hii ya parokia irudi kabatini. Kalunde alipiga kigelegele kimoja, akakumbuka ni siku ya mazishi, akajiziba mdomo. Walimweka mtoto kitini, chai, mayai mawili. Baada ya kujaribiwa, akaeleza, watu wa okestra walimkalisha na wenzake, akapiga mazoezi nao saa nzima.

Kisilu alingoja hadi amalize kula. Alikuwa amengoja tangu miaka ya sabini, dakika kumi hazikumshinda.

"Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na nane. Mimi wa kumi na tisa. Walinikalisha katikati, Baba."

"Inakuwaje?"

Ndanu akafikiri. Alitaka kulitafuta neno zuri, alijua analetea nani. Akalikosa, akasema tu lile lililokuwepo.

"Hujisikii."

"Vipi hujisikii?"

"Unapiga, unajua unapiga, mkono unaenda. Lakini yako huisikii. Imepotea ndani ya zote. Nilishtuka kwanza nikadhani nimeacha kupiga. Halafu, Baba, ni raha. Ni raha sana. Hauko peke yako hata kidogo."

Kisilu akaitika kwa kichwa, mara nyingi, akasema asante. Halafu akatoka nje kuangalia kuku, na kuku walikuwa wameshalala.

Jumamosi iliyofuata lori likapiga honi saa mbili. Mlidhani wangemfukuza? Wangemfukuza wampate wapi mwingine? Walikuwa na hasira naye, na walikuwa na maiti, na maiti ndiye aliyeshinda. Ilikuwa ni mazishi ya mama mmoja muuza mboga, njia ya Ndithini, mwendo mrefu. Nzomo alifungua kabati, akamkabidhi kasha, akakumbusha kwamba lirudi siku hiyo hiyo. Ndanu wakati huo alikuwa safarini kwenda mazoezi yake.

Pale kaburini Kisilu akaiweka fidla begani. Kwaya ikarudi nyuma na kunyamaza, kama ilivyofanya miaka kumi na minne. Lakini hakuanza. Aliteremsha upinde, akawageukia.

"Leo msininyamazie," akasema. "Leo nataka muimbe nami, wote, toka mwanzo. Kwa nguvu. Imbeni mpaka nisijisikie."

Hawakumwelewa, lakini macho yake waliyaona, na wengine wakaona haya kwa yale ya Jumamosi iliyopita. Nzomo ndiye aliyeanza, besi yake nzito, wengine wakafuata. Wakaimba kwa vifua vyao vyote, mishipa ya shingo imewatoka, akina mama wamefumba macho, hadi ng'ombe wa jirani wakasimama kutazama. Sijui kama kwaya ile iliwahi kuimba vile, au iliimba tena. Kisilu alikuwa katikati yao, amefumba macho, anapiga, kichwa amekiinamisha, anasikiliza.

Fidla ina sauti nyembamba, jamani, inapita juu ya watu. Walijitahidi sana, maskini. Alijisikia tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho.